Kodiani ndani kwa ndani: vitu vilivyoijenga, na vya kuvirudishia ukiwa Mombasa

Kodiani iliyokaa miaka kwenye nyumba ya Mombasa haifi kwa uzee. Ndani ya hicho kisanduku kuna mbao, kadibodi, ngozi, nta, chuma cha springi na plastiki ya zamani, na kila kimoja hewa yetu ya chumvi inakila kwa njia yake. Lakini nikisema ukweli, kati ya zile nilizofungua mimi zilizokuwa zimekufa kabsa, nyingi hazikuuliwa na hewa, ziliuliwa na mtu aliyetia kitu kisichofaa: super glue, silikoni ya madirisha, mafuta ya cherehani. Ndio maana naandika hii. Ukijua kila sehemu imetengenezwa na nini na kwa nini, hutakosea cha kuweka.

Chombo chenyewe asili yake si huku. Cyrill Demian alikisajili Vienna mwaka 1829, alafu Italia mji wa Castelfidardo ukawa ndio kiota cha mafundi tangu Paolo Soprani alipoanza mwaka 1863, na Ujerumani wakaja Hohner wa Trossingen. Kenya bara ikashikwa na Wakikuyu kwenye ngoma yao ya mwomboko, Unguja ikaingia kwenye taarab na mpaka leo ipo. Sisi Mombasa tuling'ang'ania hamoniamu na taishokoto (kile kinanda cha nyuzi chenye vibao vya kubonyeza) zaidi, na hapo ndipo makosa ya mafundi wetu yanapoanzia, manake ndimi za hamoniamu, vile vibamba vyembamba vinavyotikisika hewa ikipita vikatoa sauti, ni za shaba ya njano, hazishiki kutu ile nyekundu, na fundi aliyezoea hamoniamu anapangusa na kitambaa chenye mafuta kidogo na maisha yanaendelea. Ulimi wa kodiani ni chuma. Ukiufanyia ya hamoniamu umeuua.

Vifaa kwanza. Bisibisi ndogo za aina zote mbili, koleo yenye mdomo mwembamba, brashi laini ya rangi iliyo mpya, tochi au taa ya LED, kisu butu, zile fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba) wanazouza maduka ya spea za magari (ule wembamba kabsa ndio tunautaka), na simu yenye programu ya kupima sauti. Meza pana iliyotandikwa shuka nyeupe ili msumari ukidondoka uuone. Kama nyumba yako iko karibu na bahari, funga dirisha la upande wa pwani siku hio.

HATUA YA 1: kabla hujaifungua

Inuse. Nasema kweli, pua ndio kipimo cha kwanza. Kodiani nzuri ya zamani ukifungua sanduku lake inanukia kafuri, harufu ile ile ya karafuu maiti, na sababu ni kwamba lile ganda la nje linalong'aa kama lulu ni seluloidi, ile plastiki ya zamani, na seluloidi hutengenezwa kwa nitroselulosi iliyochanganywa na kafuri. Hio harufu ni ya kawaida usiogope. Ukinusa uchachu mkali unaochoma pua, na skrubu zimefanya ukungu wa kijani, hapo seluloidi imeanza kuoza, na ile gesi yake inakula chuma kilichoko karibu, kwa hivo kama ndio unanunua, punguza bei sana au iache.

Alafu pima hewa. Fungua vile vifungo vya ngozi vya juu na chini, shika upande wa vibao vya kubonyeza, inua, upande wa besi uning'inie chini bila kubonyeza chochote. Mivukuto ikijifungua polepole kwa uzito wake, sawa. Ikishuka pwaa kama ndoo kisimani basi kuna mahali panavuja, na sasa kazi yako ni kujua ni mivukuto, ni vile vifuniko vya felti chini ya vibao, au ni nta inayoshika ndimi.

Bonyeza kila kibao ukivuta, rudia ukisukuma, na uandike kwenye karatasi. Hii wengi wanairuka alafu baadae hawajui walichokitengeneza ni kipi. Kwenye kila safu ya ndimi, kila noti ina ndimi mbili, moja ya kuvuta moja ya kusukuma, na kwenye kodiani kubwa ya vibao 41 yenye safu 4 upande wa mkono wa kulia hio ni ndimi 328, ukiongeza besi yenye safu 5 kwa noti 12 ni 120 zaidi, jumla 448. Huwezi kuweka 448 kichwani.

HATUA YA 2: kufungua

Mivukuto imeshikwa na vijiti vya chuma pembeni, toa kila kimoja na koleo kwa kuzungusha huku unavuta. Chukua kipande cha katoni, chora mstatili wa kodiani, na kila kijiti ukichome kwenye katoni mahali pale pale kilipotoka. Matundu yalitobolewa kwa mkono, kijiti cha tundu hili hakikai vizuri kwenye tundu lile, ukivichanganya unavujisha hewa kwa makosa yako mwenyewe. Weka alama ya penseli ndani ya mivukuto ujue juu ni wapi. Piga picha kila hatua.

Mivukuto

Watu wakiiona wanadhani ni ngozi tupu. Ni kadibodi ngumu iliyopigwa presi na kukunjwa, imevikwa kitambaa nje, na zile pembe za ndani, pale mikunjo inapokutana, ndio kuna vipande vidogo vya ngozi laini sana ya mbuzi au ya kondoo iliyochongwa nyembamba. Nje kwenye pembe kuna vibati vya chuma vya kulinda. Karibu kila uvujaji wa mivukuto unaanzia kwenye zile pembe za ndani, manake ngozi ikishika unyevu wa Mombasa inavimba, msimu wa kaskazi ikikauka inakakamaa, baada ya miaka inapasuka.

Usiku zima taa zote, tia taa ya LED ndani ya mivukuto, zunguka nje polepole huku unaikunjua. Nyota yoyote unayoiona ni tundu.

Kuziba: tafuta ngozi laini iliyodabaghiwa, nyembamba kiasi kwamba ukiikunja haiachi mstari. Mafundi viatu na mikoba huwa na vipande vya bitana ambavyo wanavitupa, waombe. Ngozi ya ngoma haifai kabsa, ile ni mbichi iliyokaushwa, ngumu kama ubao. Na ile ngozi ya kufutia magari pia hapana, inapitisha hewa. Chonga kingo za kiraka na wembe mpaka zipotee, paka gundi nyeupe ya seremala safu nyembamba, bandika kwa ndani, na uiache mivukuto ikiwa imefunguliwa nusu mpaka asubuhi. Kwa zile kingo za mikunjo zilizochakaa nje, nenda kwa watu wanaojalidi misahafu na vitabu, kitambaa chao ndicho hicho hicho cha kazi hii, kimetiwa gamu nyuma, kinakunjika na hakifumuki, na wanakukatia hata kipande.

Mbao

Kisanduku chenyewe ni plaiwudi na mbao nyepesi. Yale matofali marefu yaliyosimama ndani, yaliyobeba ndimi, ndio mbao muhimu kuliko zote, kwa kawaida ni mti laini mwepesi wa nchi za baridi, ule ule wa familia inayotengenezewa nyuso za fidla, na sehemu ya kukalia wanaweka mti mgumu kama mjozi ili usipinde. Ukipata ufa mdogo usiuzibe na unga wa mbao na gundi ukafikiri umemaliza, angalia kwanza kama tofali limekaa sawa kwenye sakafu yake, piga tochi upande mmoja uone kama mwanga unapenya chini yake. Pakipenya, kile kipande cha ngozi kinachoziba chini ya tofali kimekufa, kibadilishe. Kuna fundi alitengeneza tofali jipya la mbambakofi kwa sababu ni mti mgumu na haliwi na mchwa, na alikuwa seremala mzuri sana tu, lakini kodiani kubwa tayari ina kilo 10 mpaka 12, na sauti ikawa nzito imezibika. Ukilazimika kuchonga kitu hapa kwetu, mkangazi mkavu unatosha, na ukavu ndio neno, mbao ikae ndani ya nyumba miezi kabla hujaigusa.

Nta, na hapa tukae kidogo

Bamba la ndimi, kile kipande bapa ndimi zilipopigwa riveti, halikushikiliwa kwenye tofali na gundi. Limeshikiliwa na nta ya nyuki iliyochanganywa na rosini, ule utomvu mkavu wa msonobari ambao wapiga fidla wanasugulia upinde. Watu wanauliza kwa nini wasiweke gundi ya kisasa ikashika milele. Jibu ni kwamba bamba linatakiwa litoke siku moja, la kusafishwa au kubadilishwa vile vijingozi vya ndimi, na nta unaikwangua bila kuumiza mbao, tena nta inaziba hewa kila upande na inafuata mbao ikivimba na kusinyaa. Niliwahi kupokea moja ambayo mtu amebandika mabamba yote ya safu ya kati na super glue. Kuyatoa ilibidi yatoke na vipande vya mbao. Na silikoni ile ya kawaida ya vioo vya madirisha, ile inayonuka siki, ikikauka inatoa asidi, na asidi hio iko sentimita moja kutoka kwenye chuma chembamba, fikiria mwenyewe.

Nta ya zamani utaijua hivi: ibonyeze na ukucha. Ikiingia kidogo na kuacha alama iko hai. Ikimegeka kama biskuti au bamba likicheza ukiligusa, imekufa, na usihangaike kuziba nyufa moja moja, toa safu nzima uanze upya.

Nta ya nyuki inapatikana kwa warina asali, Taita na Kitui kuna nyuki wengi, lakini angalia sana kwa sababu kuna ya kuchanganywa na mafuta ya mishumaa. Ivunje: nta ya kweli inavunjika kwa chembechembe na inanukia asali, ile iliyochanganywa inateleza mkononi na inapitisha mwanga kama mshumaa wa duka. Rosini nunua vile vijidonge vya fidla kwenye maduka ya ala za muziki. Na tafadhali usitumie sandarusi ukidhani ni kitu kimoja, sandarusi ni ngumu zaidi na haiyeyuki vizuri ndani ya nta.

Vipimo: anza na sehemu 3 za nta kwa sehemu 1 ya rosini, kwa uzito, si kwa kijiko. Saga rosini iwe unga. Weka nta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiweke kopo juu ya moto wenyewe, nta ikishika moto ni hatari kubwa. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, rosini inachelewa, koroga taratibu bila haraka mpaka isionekane chembe, alafu ichuje kwenye kitambaa cha melimeli. Ongeza matone machache ya mafuta ya kitani, yale ya maseremala, ukiona imekuwa kavu sana. Jaribu: dondosha mstari kwenye sahani baridi, ukipoa uukunje. Ukivunjika hapo hapo rosini ni nyingi. Ukikunjika kama chapati bila kutoa alama rosini ni kidogo. Tunataka ikunjike kwanza kisha ivunjike.

Kwa Mombasa msisitizo ni huo, usizidishe ulaini. Gari lililofungwa vioo juani pale Likoni unaposubiri feri, joto la ndani linaweza kukaribia kile kiwango cha kuyeyusha nta, na nta inalegea mapema kabla ya kuyeyuka. Mwenzangu mmoja alisafirisha kodiani kutoka Tanga kwenye buti ya basi, upande wa injini, imefika mabamba manne ya besi yameteleza yamelaliana, na ngozi zake zimegandia ndani ya nta. Kodiani inakaa mapajani kwako safarini, hakuna njia nyingine.

Kubandika: kwangua ya zamani yote, pasha bamba joto kidogo mkononi au juani dakika chache (likiwa baridi nta inaganda kabla haijashika), lipange sawa, alafu mimina mstari mwembamba kwa kijiko ulichokikunja mdomo, mfululizo bila kusimama, pande zote nne na katikati ya bamba na bamba. Nta isiguse ulimi wala ngozi. Ukimaliza usijaribu kwa kupuliza na mdomo, pumzi yako ni maji, na maji kwenye chuma kipya kilichosafishwa ni kutu ya wiki ijayo.

Ndimi

Ulimi ni chuma cha springi chenye kaboni nyingi, umepigwa riveti kwenye bamba la aluminiamu ngumu, zile za zamani sana bamba lilikuwa zinki au shaba. Nafasi kati ya ulimi na kingo za tundu lake ni nyembamba kuliko unywele, ndio maana uchafu mdogo kabsa unanyamazisha noti nzima. Ukiona ulimi wenye ubuluu pembeni, hio rangi ni ya chuma chenyewe kilivyotoka kiwandani, usiisugue ukidhani ni kutu.

Kwetu kuna magonjwa mawili. Kutu nyekundu juu ya ulimi, na ule unga mweupe wa aluminiamu kwenye kingo za tundu, manake chuma na aluminiamu vikigusana kwenye hewa ya chumvi vinakulana. Unga mweupe unabana ulimi, noti inakwaruza au inachelewa kuitika. Brashi laini kavu mara nyingi inatosha. Kutu ya juu juu: pitisha fila geji nyembamba chini ya ulimi uwe kama mto, alafu sugua na kalamu ya nyuzi za kioo ile ya kufutia kutu, kutoka kwenye riveti kuelekea nchani, kwa urefu, usikatize upana hata mara moja kwa sababu mikwaruzo ya upana ndio inayovunja ulimi baadae. Hakuna mafuta. Hakuna WD-40. Mafuta yanashika vumbi, yanalowesha ngozi na yanalainisha nta, kwa mpigo mmoja umeharibu vitu vitatu.

Sauti ikiwa imehama baada ya kusafisha, kanuni ni hii: ukipunguza chuma nchani sauti inapanda, ukipunguza karibu na riveti sauti inashuka. Mkwaruzo mmoja, pima, mwingine, pima. Programu ya simu iweke kwenye 440 au 442 (mitetemo kwa sekunde ya noti ya A) kulingana na noti zingine za kodiani yako zilivyo, usihamishe chombo kizima kwa ajili ya noti tano. Na kama zile safu mbili za kati zinatofautiana kidogo mpaka sauti inatetemeka, mara nyingi ilitengenezwa hivo makusudi, usizinyooshe. Ndimi kubwa za besi zingine zina kidonge cha chuma kimeongezwa nchani ili sauti iwe nzito, huo si uchafu, ukikitoa noti inaruka juu.

Vijingozi vya ndimi

Kila tundu upande wa pili wa ulimi kuna kijingozi chembamba kimebandikwa mwisho mmoja tu. Kazi yake ni kuziba hewa isipite kwenye ulimi usiotakiwa kulia. Kodiani za siku hizi nyingi zimeweka plastiki, na zile ndimi ndogo kabsa za juu hazina kitu, usizitafutie. Ngozi ikijikunja kama jani kavu utasikia noti inaanza na "pff" au sauti inayumba. Iliyojikunja kidogo inyooshe taratibu kwa vidole, ikirudi ibadilishe. Tone moja tu la gundi, kwenye ule mwisho wa riveti, kijingozi kingine chote kiwe huru. Mimi kwa bahari yetu nimehamia plastiki kwa ndimi za kati, ngozi nimeiacha kwenye besi ambako plastiki inapiga kelele. Wenye masikio makali wanasema ngozi ina sauti tamu zaidi na siwapingi, lakini plastiki haijikunji na unyevu.

Felti, springi, vibao

Vifuniko chini ya vibao vimevikwa felti na ngozi laini juu yake, na nondo wa kabati wanaipenda felti hio kweli kweli. Ukibadilisha, unene uwe ule ule, ukizidisha hata milimita moja vibao vyote vinakaa vibaya. Springi za waya usizinyooshe ili kuongeza nguvu, zinavunjika baada ya wiki. Ekseli ya chuma inayobeba vibao ikishika kutu itoe yote, ipanguse na msasa mwembamba sana, irudishe kavu.

Seluloidi

Inashika moto haraka mno, kwa hivo hakuna kuchomelea waya karibu, hakuna sigara, hakuna taa ya kandili kwenye meza ya kazi. Asetoni na thina zinaiyeyusha. Kipande kilichobanduka kinarudishwa kwa asetoni kidogo sana kwenye pamba, unalainisha upande wa ndani, unakibana na tepu ya karatasi, unasubiri siku nzima. Kusafisha ni kitambaa chenye maji kidogo kilichokamuliwa, basi.

Kuiweka

Isimamishe kwa miguu yake midogo kama vile inavyokaa mapajani, usiilaze na vibao juu, manake vijingozi vikilala vibaya miezi vinafuata umbo hilo. Unyevu wa hapa mara nyingi unapita asilimia 70, kwa hivo tia vifuko vya silika jeli ndani ya sanduku na uvikaushe kila mwezi kwenye sufuria ya moto mdogo. Sanduku liwe juu ya kabati la ukuta wa ndani, si sakafuni na si ukuta unaopigwa na mvua ya masika. Kila wiki ivute dakika 15, noti zote, mpaka zile za mwisho ambazo nyimbo zako hazizifikii, hewa ikipita ulimi unatikisika na unajisafisha. Ukitoka kwenye harusi usiku imeshika jasho na umande, usiifungie. Iache wazi chumbani mpaka asubuhi, alafu uivute kidogo, ndio uirudishe sandukuni.